Fundi Aliyebana Suruali ya Mume Wangu

Fundi huyu alijua kabla yangu kwamba mume wangu anaumwa. Alijua kwa vidole, kwa kushika kiuno cha suruali, wakati mimi ninayelala naye kitanda kimoja nilikuwa sokoni nauza mchele na kutaniana na wateja. Nilimchukia kwa hilo. Na kabla ya kumchukia nilimtukana mbele za watu, kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo msitegemee nimsifu kama marehemu wanavyosifiwa msibani. Kwanza yu hai, na pili sifa nyingine hazimfai.

Jina lake silitaji, na sidhani kama atakasirika, maana hata yeye halitumii. Ukifika soko la Ifakara ukaulizia fundi nguo, utapelekwa kwa vijana wenye cherehani za umeme na picha za magauni ukutani. Ukiulizia fundi wa kubana, utaonyeshwa baraza la duka la pembejeo, pale kwenye harufu ya mbolea, na utamkuta ameinama juu ya cherehani nyeusi ya miguu ambayo maandishi yake yamefutika yote. Nguo mpya hashoni. Mpelekee kitambaa kizuri kiasi gani, atakirudisha bila hata kukikunjua. "Nguo mpya unamshonea mtu anavyojitaka," huwa anasema. "Mimi namvika mtu alivyo." Watu wanaona ni maringo. Mimi pia niliona hivyo.

Kazi haikumpungukia. Sisi huku tunavaa mitumba, tusidanganyane. Unachagua koti zuri kwenye lundo, la mzungu mwenye mabega kama mlango wa kanisa, halafu ulivae wewe uliyetoka Mofu na kilo zako hamsini. Hapo lazima upite kwa fundi. Na ukipita kwa fundi, usidhani utasimama wima kama askari naye azungushe futi aandike namba. Futi ile anayoivaa shingoni ni kama tai, sijawahi kumwona akiitumia. Atakuambia ukae, uchuchumae, uinue mikono juu. Mwanamke atamwambia ainame kama anapuliza moto. Atakuuliza unalima wapi, na ukisema Michenga, kule maji yanakofika magotini, pindo atalipandisha bila kukuuliza zaidi. Wanakwaya anawaambia waimbe. Niliwahi kumwona mwalimu mzima, mwenye heshima zake, akiimba "Utukufu kwa Mungu" barazani asubuhi peupe huku fundi ameshika kwapa la shati lake akisikiliza kama linavuta. Tulicheka mpaka machozi, na fundi hakucheka hata kidogo.

Halafu hakati. Hilo ndilo mlishike, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Mafundi wengine wakipunguza nguo wanapitisha mkasi, kinachozidi kinakwenda kusugulia sufuria. Yeye kila kinachozidi anakikunja ndani, anakilaza, anakipiga pasi ya mkaa mpaka huwezi kukigusa ukajua kwamba kipo. "Mwili unakwenda na kurudi," anasema. "Ukishakata, utarudi wapi?"

Na bonde letu ndivyo lilivyo. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, mtu anashinda shambani na ghala limebaki vumbi, anakula mlo mmoja na kuwapa watoto mingine. Kila mtu anapungua. Foleni ya fundi wakati huo ni ya kubana. Mpunga ukishavunwa watu wanakula, wanauza, wanaoa, na mwezi wa saba foleni hiyo hiyo inarudi na nguo zile zile, sasa ni za kufungua. Anachukua wembe, anafumua uzi wake mwenyewe, na gauni linarudi lilivyokuwa. Mama mkwe wangu alikuwa na gauni moja la kitenge ambalo lilibanwa na kufunguliwa miaka sita mfululizo, na tulimzika nalo likiwa zima.

Hasira zake sasa. Mnajua mafundi na "njoo kesho" yao. Huyu hana kesho. Atakwambia Alhamisi saa nane, na Alhamisi saa nane iko tayari, imepigwa pasi. Ila usipotokea, anaitundika nguo yako mbele ya baraza, kwenye msumari, mchana kutwa, watu wapite waione. Sketi ya ndani ya mke wa mtu mkubwa mmoja ilipepea pale siku mbili, na wote tulijua ni ya nani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwenyewe alipokuja kuichukua kwa ukali, fundi alimjibu kwa upole sana, "Shikamoo mama. Ilikuwa inakungoja." Na mama yule ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Shikamoo ile ilimchapa kuliko fimbo.

Mtu huyo huyo anayejua kuvisha watu wote, shati lake mwenyewe lilikosa kifungo cha tatu muda wote niliomjua. Anakwenda misa ya asubuhi kila siku ya Mungu, na paroko akipita barazani yeye fundi anainama kwenye cherehani kama hamwoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema paroko alichelewa kuchukua kanzu yake. Miaka mingapi imepita? Hakumbuki, lakini alichelewa.

Na mdomo hana. Alikuja kwake binti wa kutoka upande wa Mahenge, harusi bado wiki tatu, analeta gauni lifunguliwe kiunoni. Wiki moja baadaye akarudi, lifunguliwe tena. Mama yake akaja mbio peke yake, macho mekundu, akamuuliza fundi mbele yetu, "Baba, niambie ukweli, mwanangu ana nini?" Fundi akakishika kiuno cha gauni, akakinyoosha, akasema, "Kitambaa hiki kimelowa mvua kimesinyaa. Vitambaa vya siku hizi havifai." Harusi ilifungwa, mtoto akazaliwa miezi sita baadaye, mnene, na mama mtu mpaka leo anawaonya watu wasinunue kitambaa kile. Sisi wafanyabiashara wa sokoni tulimpenda fundi kwa ajili ya mambo kama hayo. Tulisema siri yako mpe fundi, usimpe padre.

Ndiyo maana mume wangu alimwendea.

Baba Editha alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Kama hujawahi kuingia kwenye mashine wakati wa mavuno, pumba zinaruka kama ukungu, zinaingia puani, masikioni, kwenye chai. Wote wanaofanya kazi humo wanakohoa. Kwa hiyo alipoanza kukohoa sikushtuka. Nilimchemshia tangawizi, nikamwambia afunge kitambaa puani. Kazini anavaa ovaroli pana, nyumbani shati nje na msuli. Nguo pekee ambayo ingemsema ni suruali nyeusi ya sare ya kwaya. Ilishonwa wakati wa Pasaka, wanakwaya wote wakapimwa, na siku ya Pasaka ilimkaa barabara mpaka baada ya pilau akafungua kishikizo.

Mwezi wa sita aliipeleka kwa fundi ibanwe. Mwezi wa saba akaipeleka tena. Mwezi wa nane tena. Mimi kila Jumapili namwona mume wangu jukwaani na suruali imemkaa vizuri, anaimba besi, nami nashukuru Mungu. Tena alianza kuifua mwenyewe! Jamani, nilijisifu kwa majirani. Niliwaambia waume zao wajifunze kwa Baba Editha. Kumbe mwanaume alikuwa anaogopa nisiguse zile kunjo.

Kwa nini alificha? Aliniambia baadaye. Kaka zake wawili walikonda, na watu walishamaliza maneno kabla hao hawajafika hospitali. Aliogopa kupimwa. Alijiambia ni pumba, mavuno yakiisha atanenepa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na neno lake la kila siku, mficha maradhi kilio humuumbua, na mwanawe alilisikia tangu utoto, halikumsaidia kitu.

Mwezi wa tisa akaipeleka mara ya nne, na Jumamosi jioni fundi alikuja nyumbani kwangu. Fundi huyu hatembelei mtu. Alisimama nje ya uzio na mfuko, nikamwamkia, akaitika, hakutaka kukaa. Akanipa ile suruali mkononi. "Mama Editha, avae mbele yako. Isipomkaa, uirudishe wewe mwenyewe, usimtume yeye." Niliona ni ukorofi wake wa kawaida. Nikaitundika.

Asubuhi mume wangu akataka kuvalia chumba cha watoto. Nikasema, wee, fundi kasema uvae nikuone. Akavaa. Suruali ikaporomoka mpaka chini. Ilikuwa pana, ungeweza kuingiza mtu wa pili. Na yeye, haraka kama mtu aliyejiandaa, akaishika na kupiga kelele, "Nilimwambia apunguze kidogo, ona alivyofanya! Kaiharibu!" Akaikunja juu ya mkanda, akashusha shati, akaenda misani. Na mimi nikaamini. Macho yangu yalikuwa kwenye suruali.

Jumatatu niliamka na hasira zilizolala zikavimba. Nilikwenda barazani kumejaa watu, nikamtupia ile suruali kwenye cherehani. Nilimwambia amezeeka, macho yamekwisha, amemwaibisha mume wangu mbele ya altare, aache kazi za watu akalee wajukuu. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Mimi nauza mchele, sauti yangu inavuka soko. Fundi alikaa, mikono mapajani. Nilipovuta pumzi akasema jambo moja tu, taratibu.

"Mama Editha, hiyo suruali nimeirudisha ilivyokuwa Pasaka. Sijaongeza hata uzi."

Nikamjibu kwa tusi lingine, nikaondoka. Nilipita wauza nyanya, nikapita kituo cha bodaboda, maneno yale yananifuata. Ilivyokuwa Pasaka. Pasaka ilimkaa. Pasaka alifungua kishikizo. Kama hakuongeza uzi, basi suruali haikukua. Nilisimama katikati ya barabara, baiskeli zinanipigia kengele.

Nilikimbia mpaka mashineni. Niliingia kwenye pumba bila kuuliza, nikamshika mume wangu mbele ya wabeba magunia, nikafungua zipu ya ovaroli na kunyanyua fulana. Mbavu. Mbavu zote, na katikati tumbo limeingia ndani kama sahani. Nililia kwa sauti. Yeye alizima mashine, na kukawa kimya ghafla mule ndani.

Ilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, mimi na watoto tulipimwa tukakutwa salama, na akapona. Lakini pafu moja lilikuwa limeshaliwa. Leo hawezi kuendesha baiskeli mpaka Kivukoni bila kushuka mara tatu. Kwaya anakwenda, anaimba amekaa. Daktari alituambia, tena kwa upole, kwamba tungekuja mwezi wa sita mambo yangekuwa mengine.

Mwezi wa sita. Fundi alikuwa ameshika suruali mwezi wa sita.

Sasa hapo mnihukumu mnavyotaka. Nilijua aliifumua makusudi ili nione. Mume wangu aliniambia kwamba fundi alimwahidi kutosema, na alipata njia ya kusema bila kufungua mdomo. Ningepaswa kwenda siku ile ile nikapige magoti. Sikwenda. Nilihesabu miezi ile mitatu aliyobana akanyamaza, na kila usiku mume wangu akikohoa niliihesabu upya. Na kulikuwa na jambo la aibu zaidi. Matusi yangu yalikuwa yamesambaa. Watu waliambiana fundi wa kubana haoni tena, kamharibia mwanakwaya suruali. Foleni ikapungua. Yeye hakujitetea hata kwa mtu mmoja, maana kujitetea ni kusema kwamba suruali haikuharibika, ni mtu aliyekonda. Na mimi kumsafisha ningelazimika kusema ugonjwa gani uliingia nyumbani kwangu. Nikanyamaza miaka miwili, nikawa napita njia ya nyuma ya soko, nauza mchele wangu, nasikia watu wakimsema, na sisemi kitu.

Mwaka jana mwezi wa nane nikaenda.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa nayo hiyo radhi, ndiyo, nilishaipanga maneno. Lakini kwenye mfuko nilikuwa na sketi yangu ya Jumapili. Ilikuwa inanizunguka kiunoni, naifunga kwa pini. Vijana wa cherehani za umeme niliwakwepa kwa sababu wanaongea. Nilitaka fundi asiyeongea.

Walikuwepo akina mama wawili kutoka Mofu, wamekuja kufunguliwa magauni. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." Akaitika, "Marahaba," kama vile nilikuwa pale jana. Nikaanza, "Fundi, yale mambo ya mwaka ule..." Akanikata. "Umeleta nini?" Nikatoa sketi. Akaniambia niivae juu ya khanga. Akanikalisha, akaniinamisha, akanisimamisha. Kisha akashika kitambaa cha kiunoni kwa vidole, upande huu vidole vitatu, upande ule vitatu, akabaki amekishika hivyo muda mrefu.

"Mwezi wa nane, Mama Editha," akasema. "Watu wanafungua."

"Ni kazi tu fundi. Jua kali. Wewe ibane kidogo."

"Sibani."

Akina mama wa Mofu wakaacha kuongea. Fundi akainua uso, na akasema kwa sauti ambayo hata mwenye duka la pembejeo ndani aliisikia, "Umekonda. Unaumwa. Uende hospitali sasa hivi."

Nilitamani ardhi inimeze. Hee! Mbele ya watu! Nikamwambia kwa hasira, "Tangu lini wewe una mdomo?"

"Tangu mume wako," akasema. "Mara ya kwanza aliponiletea nilijua. Nikabana. Mara ya pili nilijua zaidi, nikabana. Ya tatu nikabana vizuri kuliko zote, hata mimi nilijisifu. Ulikuja ukanitukana kwa suruali niliyoifungua. Ungenitukana kwa zile tatu nilizobana." Mikono yake ilikuwa bado kwenye kiuno cha sketi yangu. "Kila Jumapili namwona anaimba amekaa."

Yale niliyoyasema moyoni miaka miwili, ameyasema yeye, na sikufurahi hata kidogo. Nilijisikia kulia. Nikamwambia nisamehe, akasema tutasameheana tukirudi. Akafunika cherehani kwa kitambaa chake, akawaomba radhi akina mama wa Mofu, akatangulia barabarani. Nami nikamfuata na sketi yangu yenye pini.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nilimwogopa daktari, niliwahofia watoto, niliogopa zaidi kwamba Baba Editha hajui, maana nilikuwa nalala na gauni pana na kumwambia nasikia baridi. Jina langu likaitwa. Fundi akaingia nami bila kuuliza. Muuguzi, binti mdogo mwenye kalamu mbili kichwani, akauliza huyu mzee ni nani wangu, nikasema ni fundi wangu, akaandika ndugu.

"Haya mama. Umeanza kupungua lini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: wiki mbili hizi. Fundi aligeuza uso tu, akaniangalia.

"Mwezi wa pili," nikasema.